Njia ya Mirathi

Miaka ile viwanda vya umma vilipokuwa vikiuzwa na watu wakirudishwa nyumbani, mimi nilikuwa nimebahatika kupata kazi. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo ya msaada wa sheria kwa wanawake, mjini Mwanza, ghorofani, juu ya duka la vitenge. Ziwa tuliliona kidogo tu, kipande kati ya mapaa mawili, lakini mchana upepo ulituletea harufu ya dagaa na honi ya meli iendayo Nansio, kisiwani Ukerewe.

Bosi wangu tulimwita Mama Wakili. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyowafanya hata wanaume wenye hasira wainame ili wamsikie. Wafadhili walipotuletea kompyuta, yeye ndiye aliyeshona kitambaa cha kuifunikia, chenye maua pembeni, kama watu walivyofunika redio zao sebuleni.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na programu ya kutunza mashauri. Mama Wakili aliketi nayo siku nyingi, akaandika hatua za kufuata kwa kila aina ya shauri: mirathi, matunzo ya watoto, viwanja. Kila mfuatano wa hatua tuliuita njia. Mteja mpya akija na shauri la mirathi, nilibonyeza tu, na njia ya mirathi ikajipanga yote chini ya jina lake, kuanzia maelezo ya mteja hadi mgawo wa mali. Sikuandika upya chochote. Kwa mtu aliyezoea mashine ya chapa na karatasi za kaboni, ilikuwa raha isiyosimulika.

Kisha Mama Wakili akasema mashauri ya zamani nayo tuyawekee njia. Programu ilikubali. Tatizo ni kwamba haikujua shauri limefika wapi. Kila lililowekewa njia lilianza hatua ya kwanza, kana kwamba mteja kaingia leo. Nami niliifuata kompyuta. Nikaanza kuwaita wateja waje kutoa maelezo.

Wa kwanza kuja alikuwa mjane mmoja wa Mabatini, mzaliwa wa Ukerewe, muuza dagaa. Mumewe alikuwa fundi katika kiwanda cha nguo. Alipunguzwa kazi, akaugua, akafa, na shemeji mtu, ndugu wa marehemu, akaleta familia yake na kuhamia kwenye nyumba ile. Nilimpa shikamoo, nikamkaribisha kwenye benchi, nikamwomba anieleze tangu mwanzo.

Hakukasirika, na nadhani ndiyo maana maneno yake yaliniingia.

"Mwanangu, mume wangu nilishamzika. Kila nikija hapa mnataka nimzike tena."

Nikaingia kwa Mama Wakili, nikamweleza. Alitoka na faili la yule mama, akaketi naye benchini, bega kwa bega, akawa analisoma kimyakimya huku mimi nikisubiri kwenye kompyuta. Maelezo yalishachukuliwa, akaniambia niandike imekwisha. Cheti cha kifo kipo, imekwisha. Tulipofika kwenye hatua ya kikao cha ukoo, alipekua kurasa mara mbili. Faili lilijaa barua zetu kwa shemeji, lakini hakuna aliyewahi kuwaita wazee wa ukoo wakae.

"Hapa ndipo ulipo, mama," alimwambia. "Hurudi mwanzo. Na hapa tumekuchelewesha sisi, utusamehe."

Mjane alifunua kanga kichwani, akaifunga tena vizuri, akauliza kikao kitafanyika lini.

Kilifanyika kibarazani kwake, Mabatini. Wazee walivuka kwa meli kutoka Nansio, wakaja na mihogo na maneno mengi ya Kikerewe ambayo sikuyaelewa. Mimi nilikwenda kuandika muhtasari. Nilitegemea kumwona shemeji mkali. Nikamkuta mtu mpole aliyekonda, naye alipunguzwa kazi kiwanda kilekile. Wazee walipomuuliza mbona hakurudi kisiwani, aliangalia chini akasema aliona aibu kurudi mikono mitupu.

Mjane alikuwa hajawahi kumsikia akisema hivyo. Wazee walimteua mama yule kuwa msimamizi wa mirathi, wakatamka kwamba nyumba ni yake na wanawe, wakampa shemeji shamba la ukoo kisiwani akalime. Mahakama ya mwanzo ilithibitisha. Lakini mama yule hakumharakisha shemeji. Alimwachia chumba cha uani hadi mvua zikaribie, na asubuhi moja nilipopita sokoni niliwaona wote wawili nyuma ya meza moja, wakipima dagaa kwa kopo.

Baada ya hapo hatukumwita mteja yeyote wa zamani kabla ya kulisoma faili lake. Jioni, wateja wakishaondoka, Mama Wakili alisoma kwa sauti, mimi nikiandika imekwisha, imekwisha, hadi tulipopata mahali kila mmoja aliposimama. Chai ilikuwa ya tangawizi, maandazi ya kibandani pale chini. Umeme ulipokatika tuliendelea kukaa, akinisimulia utoto wake migombani, huku kipande chetu cha ziwa kikigeuka rangi.

Ofisi ile haipo tena. Mama Wakili alistaafu akarudi kwao, na nilipomtembelea mara ya mwisho hatukuzungumzia kazi hata kidogo. Aliniuliza habari za watoto, kisha akanipa mkungu wa ndizi niubebe mpaka Mwanza.