Gari jeusi lililokauka sauti

Leo nusura tununue gari lililochoshwa na harusi za watu wengine!

Mnajua nimeolewa juzi tu, na bado nikimwangalia bwana wangu nacheka peke yangu. Aliniahidi gari la kifahari, maana kanisani nilifika juu ya moto, pikipiki ya shemeji, shela nimeikunja mikononi.

Basi leo tukaenda kwa muuzaji, karibu na bandari. Magari mawili, jeupe na jeusi. Bwana wangu macho yote kwa jeusi.

"Papa," nikamuuliza muuzaji, "hili limetumika hapa Kalemie?"

"Hapana, Mama! Imeshuka ku boti ya Kigoma wiki hii. Hakuna muntu amekaa mu ndani!"

Mbona anajibu haraka hivyo?

Nikapiga honi ya jeupe: watu wakageuka. Nikapiga ya jeusi: ikakohoa kama mzee mwenye mafua.

Jamani, gari gani mjini kwetu linapiga honi mpaka linakauka sauti? La kuzungusha maharusi kila Jumamosi!

Tukaketi ndani ya jeusi, nikawasha klimatizeri itupulizie hewa baridi. Puuu! Vikaratasi vya kurushia maharusi vikaturukia usoni.

"Ile njo inatoka ku kiwanda, Mama," muuzaji akajitetea, eti ndivyo lilivyotoka kiwandani.

Bwana wangu, kikaratasi cha dhahabu kwenye ndevu, akaninong'oneza: "Sheri wangu, tushuke."

Nikampenda upya. Akiba yetu yote ingeishia pale! Hata jeupe silitaki kabla fundi hajalala chini yake.

Ninyi mliobebwa na gari jeusi mwaka huu, nitumieni picha. Nataka kujua tungekuwa maharusi wangapi kwenye kiti kimoja.