Mawifi Wawili na Gauni la Mahameli

Waliishi nyumba moja, wakatumia bomba moja la maji na kamba moja ya kuanikia nguo, lakini hawakusemezana. Mmoja majirani walimwita Sindano. Alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake, lakini jina hilo hakulipata kwa ushonaji peke yake. Ulimi wake nao ulikuwa unachoma. Mwenzake aliitwa Malkia, na jina hilo alijipa mwenyewe. Malkia alikuwa ameolewa na kaka yake Sindano, mpiga tarumbeta mpole aliyeijenga nyumba ile, akamweka mkewe vyumba vya mbele na dada yake chumba cha nyuma, kisha akafariki na kuwaachia mawifi hao kazi ya kuchukiana bila mwamuzi.

Likitokea jambo la lazima, lilipitia kwa binti wa Malkia.

"Mwambie shangazi yako ndoo yake imefurika."

"Mwambie mama yako macho ninayo."

Na wote watatu wamesimama uani, karibu kiasi cha kushikana mikono.

Chuki yao ilitokana na gauni. Enzi hizo Malkia alikuwa mwimbaji wa bendi ya mumewe, na Sindano alikuwa anafanya kazi kwenye karakana ya sare. Leo ni kaki, kesho yake kaki, na baada ya kaki, kaki nyingine. Siku moja alinunua vitumbua akafungiwa kwenye ukurasa wa jarida la kigeni, na humo akaona mwanamke anashuka ngazi amevaa gauni la kifua kilichosimama chenyewe, kiuno cha nyigu, na mkia wa kitambaa unaomfuata nyuma kama mtumishi. Vitumbua vilipoa. Sindano alikaa akilifumua gauni lile kwa macho: hapa pana mshono, hapa pana mfupa wa kushikilia, hapa kitambaa kimekatwa mshazari ndiyo maana kinamwagika namna ile.

Tangu siku hiyo akawa anakusanya majarida makuukuu na kukata vielelezo kwenye magazeti. Mwili wa kuvisha alikuwa nao nyumbani. Malkia wa wakati ule Mungu alimchonga bila haraka, na alijua kusimama; ukimtupia shuka tu, shuka linageuka vazi. Sindano alimshonea la satini, la lesi, la shanga zilizotiwa moja moja mpaka vidole vikaota sugu. Watu wakawa wanakuja ukumbini kusikiliza bendi, na wake zao wanakuja kuangalia magauni.

Kisha Malkia akahojiwa redioni. Sindano alikuwa karakanani, ameiba nafasi ya mapumziko kupinda pindo la gauni jipya, la mahameli rangi ya zambarau iliyoiva, ambalo yeye mwenyewe alijua kwamba amejishinda. Redio ilikuwa dirishani. Mtangazaji akauliza, "Na haya magauni, dada, unayatoa wapi?"

Malkia akacheka kile kicheko chake cha jukwaani. "Yanakuja kwa ndege, mpenzi. Huku nani wa kushona kitu kama hiki?"

Wasichana wa karakana wakaangua kicheko mpaka wengine wakaegemea cherehani. Sindano akaichomoa sindano kwenye kitambaa, akalikunja gauni na pindo lake nusu, akalifungia kabatini. Malkia alipokuja kulidai, wakakabiliana ana kwa ana.

"Kitambaa ni changu, wifi."

"Chukua kitambaa chako. Lakini kwanza utoe mkono wangu humo ndani."

Huo ndio ukawa mwisho wa maongezi. Bendi ikavunjika, mpiga tarumbeta akazikwa, Malkia akanenepa, Sindano akakauka. Gauni likabaki vilevile. Mara mojamoja Sindano alilitoa kulipunga hewa, akalitazama kwa hasira. Halikuchuja wala kupitwa na wakati. Nguo zote alizoshona tangu hapo, sare kwa sare, zilikuwa zimeshageuka matambara ya kupigia deki, na hili moja lililolaaniwa lilikuwa linang'aa kama limeshonwa jana.

Binti akakua, akafungua duka la kukodisha nguo za harusi. Akagundua kwamba wasichana wa sasa wamechoshwa na magauni mapya yanayofanana kama matofali. Walitaka ya zamani, yale ambayo ukiyavaa mgongo unanyooka wenyewe. Akaamua kuandaa onyesho la magauni ya zamani kwenye ukumbi wa hoteli. Yale ya mama yake alikuwa nayo. Akaja kumwangukia shangazi.

"Shangazi, bila lile la mahameli hakuna onyesho."

"Basi lisiwepo."

Binti hakuondoka. Alikaa pale mlangoni akamenya viazi vya shangazi, akafagia chumba, akanyamaza kwa namna inayoudhi kuliko kuongea. Mwishowe Sindano akasema, "Nitalimalizia pindo. Avae mtu mwingine yeyote. Ila mama yako asiliguse hata kwa ukucha."

Ukuta kati ya vyumba vyao ulikuwa mwembamba. Malkia alisikia kila neno.

Juma lile Sindano akatoka kwenda kutafuta uzi wa rangi inayooana. Uzi ukamsumbua, akazunguka maduka, na aliporudi alikuta mlango wake uko wazi. Kwanza alidhani ni mwizi. Akaokota ufagio, akaingia kwa kunyata.

Katikati ya chumba alisimama Malkia, ndani ya gauni, au tuseme nusu ndani na nusu nje. Alikuwa amefungua kwa ufunguo wa akiba wa marehemu mumewe, akalivaa gauni kwa kulipitisha kichwani, nalo lilipofika kifuani likakataa kwenda chini na likakataa kurudi juu. Mkono mmoja ulikuwa umepenya. Wa pili ulibanwa ukabaki hewani, kama mtu anayesimamisha gari. Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kidevuni.

Sindano akaweka ufagio chini. Akaketi kitandani. Akavua kiatu kimoja, kisha cha pili, taratibu.

"Unaangalia nini?" Malkia akasema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia ana kwa ana tangu binti yupo tumboni.

"Naangalia mzigo wa kutoka nje. Naona haujatua vizuri."

"Nitoe humu."

"Nani aliyelishona?"

"Wifi, nitoe. Sipumui."

"Anayeongea anapumua. Nani aliyelishona?"

Malkia akakaza midomo. Alikuwa ameshikwa pabaya na alijua, lakini kiburi chake hakikuwahi kuhitaji nafasi kubwa. "Heri nizikwe nalo," akasema. "Chukua mkasi ukate."

Sindano akauchukua mkasi kweli. Akauweka ubaridi wake kwenye ubavu wa wifi yake, pale mahameli ilipokaza kama ngozi ya ngoma. Wakatazamana. Malkia hakupepesa. Alijua. Mwanamke huyu angeweza kumkata yeye, lakini mahameli ile asingeikata.

Sindano akautupa mkasi kitandani, akatoa wembe mdogo wa kufumulia, akapiga magoti, akaanza kuufumua mshono wa ubavuni, nukta kwa nukta.

"Ukitikisika nitakuchana."

"Mikono yako inatetemeka siku hizi."

"Na wewe siku hizi una upana wa kabati."

Uzi ukawa unakatika, tiki, tiki. Halafu Malkia akasema, huku akitazama dari, "Unadhani kwa nini nilisema vile redioni?"

"Kwa sababu una roho ya kutu."

"Ningekutaja wewe, kesho yake waimbaji wote wa mji wangekuwa wamepanga foleni mlangoni kwako. Ungewashonea. Ningekuwa nani mimi? Sauti yangu ilikuwa ya kawaida tu, hata mume wangu alijua. Nilikuwa na magauni. Nilikuwa na wewe."

Sindano aliacha kufumua.

"Kwa hiyo ukanizika," akasema.

"Nikakuficha. Na wewe usijifanye malaika. Gauni bila mtu ni kitambaa kinachoning'inia. Hao watu walipiga makofi likiwa kabatini?"

"Nyamaza, nisije nikakuacha hivyo hivyo mpaka onyesho."

Mshono ukaachia. Malkia akatoka ndani ya gauni kama mtu aliyetemwa, amebaki na shimizi na mistari myekundu kifuani. Akajifunga kanga, akaenda zake bila asante. Sindano alilishona upya ubavu ule mpaka pasionekane palipofumuliwa, na kila nukta aliisindikiza na laana.

Siku ya onyesho binti aliwaketisha mstari wa mbele, akaacha kiti kitupu katikati yao, na kila mmoja akaweka mkoba wake kwenye kiti hicho kama anayeweka jiwe la mpaka. Ukumbi ulijaa. Yakapita ya satini, yakapita ya lesi, wasichana wanapiga mayowe na simu juu. Mwisho akatoka msichana mwenye shingo ndefu na gauni la mahameli, na ukumbi mzima ukatulia. Lilikuwa linanyonya mwanga wa taa na kuutoa kidogokidogo kwenye mikunjo. Sindano hakuwahi kuliona likitembea.

Mshereheshaji, aliyekuwa bado anayakumbuka yale mahojiano ya redioni, akatangaza kwa mbwembwe: "Na hili, mabibi na mabwana, ni vazi la kifahari lililoletwa kwa ndege kutoka ng'ambo..."

"Muongo!"

Ni Malkia, yuko wima. "Huo uongo ni wangu, nirudishie! Gauni hilo limeshonwa na wifi yangu, huyu hapa mwenye uso wa ndimu. Yote mliyoyaona leo kayashona yeye. Na aliyashona kwa mwili wangu mimi, ndiyo maana hilo linampwaya huyo mtoto kiunoni!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko, kisha makofi, watu wakasimama. Malkia akawapungia mkono.

Sindano alikaa akitazama sakafu, mashavu yanawaka. Hata kumtendea haki wifi yake, huyu mwanamke amelifanya jambo la jukwaani, na makofi kayapokea yeye! Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli. Msichana yule alikuwa mzuri, lakini gauni lilikuwa linamtafuta mtu mwingine. Kiuno kile, mteremko ule wa nyonga, Sindano aliukata bila kupima, kwa kuujua tu. Walirudi nyumbani kwa teksi moja, mikoba yao katikati.

Baada ya hapo wasichana wakaanza kubisha hodi. Walitaka la mahameli, kama lile lile. Sindano akawafukuza wote, wengine kwa maneno ambayo binti ilibidi akaombe radhi. Gauni lenyewe akampa binti moja kwa moja. "Kodisha, uza, fanya utakalo. Sitaki kulala nalo chumba kimoja tena."

Kabati likabaki wazi. Akakaa hivyo kwa muda, mikono mapajani, hana la kulichukia kwa karibu.

Kisha asubuhi moja akatoka, akarudi na furushi. Malkia alikuwa barazani anachambua mchele. Sindano akalifungua furushi mbele yake: satini ya manjano, nyingi, inateleza mpaka sakafuni.

Malkia akaitazama, akaupeleka mdomo upande. "Nitaonekana kama basi la shule."

"Utaonekana ulivyo. Inuka nikupime."

"Sasa hivi? Nimetoka kunywa chai."

"Ndiyo vizuri. Nataka kipimo cha kweli, si cha kujibana pumzi."

Malkia akasukuma ungo pembeni, akainuka kwa kushikilia magoti, akanyanyua mikono yote miwili juu. Sindano akamzungushia futi kiunoni, akaivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.