Machicha ya Tarfa

"Amenichinja! Enyi watu, njooni mshuhudie, Mfaddi amenichinja mchana kweupe! Ngozi yangu ameitundika ukutani na nyama yangu anawauzia kuku!"

Huyo ni Tarfa, Mama Dhiyab, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, amesimama nyuma ya kinu cha mafuta na sepeto mkononi, na hajachinjwa hata ukucha. Alichofanyiwa ni kunyang'anywa gunia. Asubuhi alileta zeituni za miti yake arobaini, zikasagwa, zikakamuliwa, madebe yake ya mafuta yakapangwa mlangoni kama watoto wa shule. Kisha akatoa magunia matupu kwapani, akaenda kwenye lile lundo la machicha ya zeituni zilizokamuliwa linalofuka mvuke, akaanza kujaza. Ndipo Mfaddi mwenye kinu akamshika gunia.

"Mama Dhiyab, Mungu akuhidi. Machicha ni ya kinu. Ndivyo ilivyo tangu baba yangu."

"Tangu baba yako! Baba yako alikuwa anatubembeleza tuyachukue! Alikuwa anakwenda kuyamwaga bondeni kwa kujificha kama mtu anayetupa mzoga wa jirani!"

Hapo Tarfa hakusema uongo. Kwetu Ajlun, huku milimani, unaleta zeituni zako, kinu kinachukua fungu lake la mafuta, na machicha unayaacha hapo hapo. Nani alikuwa anayataka? Yananuka, yanapaka nguo, mbuzi wenyewe wanayagusa kwa adabu tu. Halafu dizeli ikapanda bei. Ikapanda tena. Watu wakagundua kwamba machicha yakikaushwa na kushindiliwa yanawaka kama mwaloni, na Mfaddi akagundua kabla yetu wote. Akanunua mashine ya kuyafanya magogo, akawa anayapakia kwenye malori kupeleka kwa wafugaji wa kuku kule bondeni.

"Kuku wanatoka jasho," Tarfa akapiga kelele, "na mume wangu amelala na makoti matatu na viatu!"

Mume wake, Shtaywi, alipooza miaka sita iliyopita, upande mzima. Daktari alimwambia Tarfa mbele yangu: kifua hiki kikipigwa na baridi mara moja tu zaidi, msinipigie simu, mpigieni mchimba kaburi. Na mtu mzima mwenye afya akisikia baridi atatembea, atapasua kitu, atagombana na mkewe, damu ichemke. Shtaywi alibaki na mdomo tu, na mdomo haupashi miguu moto.

Kwa hiyo Tarfa aligombana kwa niaba yake. Kila kipupwe na ugomvi wake. Enzi za mafuta ya taa alimkamata muuzaji akipima kwa debe lililobonyezwa tako, akamtumbukiza kichwa ndani ya lile debe mpaka jamaa akaahidi kwa mapovu. Mafuta ya taa yalipomshinda bei alihamia msituni na shoka. Mlinzi wa msitu akamkuta juu ya mwaloni, akamwambia shuka, sheria. Akashuka, juu ya mlinzi. Yule bwana alivunjika pua na Tarfa akawekwa ndani siku tatu, na siku ya tatu mlinzi mwenyewe na bandeji yake alikuja kuomba atolewe, maana mahabusu wenzake walikuwa wanalia. Kipupwe cha mwaka juzi alichoma kabati, mlango wa zizi, na kitanda cha arusi.

"Nimekiona kitanda changu cha arusi kikichemsha dengu," Shtaywi aliniambia. "Na dengu zenyewe hazikuiva."

Sasa turudi kinuni. Angekuwa Mfaddi peke yake wangemalizana kwa matusi, lakini Mfaddi ana mtoto wa kiume, Ghalib, mwenye shingo ya fahali na akili iliyoishia hapo hapo shingoni. Ghalib akalivuta gunia. Tarfa hakuachia. Gunia likachanika, machicha ya moto yakamwagika miguuni mwao, na Ghalib akamsukuma mama wa watu kwa mikono miwili mpaka mgongo ukagonga ukuta wa mawe.

Nilikuwa hatua tano pale, naapa sikuona sepeto ikiinuka. Niliisikia ikishuka. Mfupa wa bega la Ghalib ulilia kama kuni kavu. Akaanguka goti moja, akaokota kwa mkono mzima kipande cha bomba la chuma, akampiga nacho mdomoni. Meno mawili yakatoka. Tarfa akainua mkono kujikinga, bomba likashuka tena, vidole viwili vikaenda upande. Yeye akamrukia, akamng'ata shavu kwa meno yaliyobaki, hakuachia hata Mfaddi alipomvuta kwa mtandio. Tulipowatenganisha, damu ilikuwa imeingia kwenye machicha, na Ghalib alikuwa anamwita mama yake.

Habari ilimfikia Dukhi, kaka yake Tarfa, hata chai haijapoa. Akaja na binamu kumi na moja. Walivunja vioo vyote, wakakata mikanda ya mashine, wakapindua pikapu ya Mfaddi, wakampasua kichwa karani asiyejua kilichoanza. Watu wa Mfaddi wakatoka na marungu na bastola moja. Risasi ikapita kwenye paja la binamu mmoja, ikatoboa debe la mafuta la mtu mwingine kabisa, na yule mwenye debe akaingia vitani upande wake peke yake, anapiga kila anayemkuta. Askari walipofika kila mtu alikuwa anateleza, hujui hii damu, haya mafuta.

Kwetu sisi mwanamke akipigwa, haki yake inahesabiwa mara nne ya mwanamume. Kwa hiyo Mfaddi, hata na bega la mwanawe limefungwa, ndiye aliyezama kwenye deni. Wazee wakaingia kati, wakachukua ahadi ya kutoshambuliana, ikasogezwa na kusogezwa, mpaka ikapangwa siku ya wazee kuja kuomba suluhu. Siku yenyewe ikaangukia katikati ya zile siku arobaini za baridi kali, theluji imelala siku ya pili barabarani.

Siku hiyo asubuhi Tarfa alimshika Dukhi kola, kwa mkono wenye vidole vilivyopinda.

"Sikiliza. Sitaki dinari. Sitaki kondoo. Nataka malori mawili ya machicha hapa mlangoni, wiki hii. Shtaywi ameanza kukohoa tangu juzi. Umenisikia?"

"Niachie mimi, dada."

"Nikuachie wewe! Rudia nilichosema."

"Malori mawili. Machicha. Wiki hii. Niachie kola basi, wageni wanakuja."

Walikuja watu sitini kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye jiko la chuma lisilo na kitu tumboni. Walijibana mabega kwa mabega kwenye magodoro, majoho ya manyoya yamegusana, pumzi zinaonekana. Shtaywi alikuwa kwenye kona yake chini ya mablanketi.

"Karibuni, karibuni," akasema. "Sogeeni huku. Mnapumua vizuri sana. Mngekuwa mnakuja kila siku tusingesumbuana na dizeli."

Akakohoa. Kikohozi cha kifuani, kizito, kilichukua muda. Watu wakaangalia mkeka.

Kiongozi wa msafara alikuwa Haji Nwayran, mzee wa heshima, ndevu nyeupe mpaka kifuani, fimbo ya mwaloni yenye kichwa cha fedha. Kahawa iliyochemshwa kwangu ikamiminwa, vikombe vikawekwa chini mbele ya wageni, hakuna aliyegusa. Ndiyo kawaida: mgeni aliyekuja na ombi hanywi mpaka aambiwe kunywa, na akiambiwa kunywa ujue amepewa. Mfaddi na Ghalib walikaa nyuma ya mzee, macho chini. Nyuma ya pazia la jikoni tuliona vidole vya miguu vya Tarfa, katika soksi za mume wake.

Haji Nwayran akasema maneno mazuri marefu, aibu yetu sote, shetani, ujirani. Dukhi akajibu kwa kudai, maana lazima udai kwanza, tena udai kama kichaa, ili uwe na cha kusamehe.

"Nataka dinari elfu arobaini," akasema. "Nataka mkono wa Ghalib ukatwe hapa kwenye kiwiko. Na malori mawili ya machicha."

"Ni haki yako," akasema Haji.

"Lakini kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, mkono nauacha."

"Mungu akuzidishie!" sauti sitini.

"Kwa ajili ya Mtume, nusu ya fedha naiacha."

"Mungu aibariki nyumba yako!"

"Kwa ajili yako, Haji Nwayran, nusu iliyobaki naiacha."

"Huyo ndiye mwanamume! Mwana wa wanaume!"

Hapo angenyamaza. Kila mtu alijua hapo ndipo pa kunyamaza. Lakini Dukhi ni mtu ambaye maisha yake yote hakuna aliyemwita chochote zaidi ya Dukhi, na sasa watu sitini wanamwombea dua kwa pamoja. Nilimwona masikio yanapata rangi. Nikamfinya paja. Akadhani nampongeza.

"Na kwa ajili ya wageni waliokanyaga theluji kuja kwetu," akasema, amesimama kabisa, "lori moja naliacha!"

Nyuma ya pazia kikombe kilivunjika.

"Na kwa ajili ya ndevu hizi nyeupe, la pili naliacha! Kunyweni kahawa zenu!"

Kelele za dua zilikuwa bado hewani pazia lilipong'oka na msumari wake. Mwanamke haingii kwenye kikao cha namna hiyo. Tarfa aliingia. Aliruka magoti ya watu, akaichukua fimbo ya Haji Nwayran pale ilipolazwa kando ya mzee, na pigo la kwanza likamkuta Dukhi begani akiwa bado anatabasamu. La pili lilikwenda mdomoni.

"Kwa ajili ya Mungu!" akasema Tarfa. Pwa! "Kwa ajili ya Mtume!" Pwa! "Kwa ajili ya ndevu!"

Dukhi akaanguka juu ya vikombe, damu imetanda kidevuni, anatambaa kwa viwiko kwenye kahawa yake mwenyewe. Hakuna aliyemshika Tarfa. Nani amshike? Tumekusanyika kwa sababu mtu alimgusa mara moja, na mguso mmoja ni mara nne. Akampiga mgongoni mpaka fimbo ikavunjika vipande viwili.

Ghalib, maskini, akacheka.

Birika la pili la kahawa kutoka kwangu lilikuwa mkononi mwa mhudumu, linachemka. Tarfa alilipokonya akamrushia kifuani. Ghalib alipiga ukelele nikasikia mbwa wa kijiji kizima wanajibu, akajirarua shati, ngozi inatoka na kitambaa. Mfaddi akasimama mkono kiunoni kwenye bastola, watu sita wakamwangukia, wakamkalia. Mmoja alimpiga kiwiko cha pua kwa bahati mbaya, mwingine akampiga kwa kukusudia. Mtu akakanyaga mkono wa mtu. Wakaanza kushikana makoo watu ambao hawakuwa na kesi.

"Endelea, Mama Dhiyab!" Shtaywi akapaza sauti chini ya mablanketi. "Nimeanza kupata joto!" Kikohozi kikamkata, akawa wa bluu midomoni.

Sauti hiyo ndiyo iliyomsimamisha Tarfa. Akaacha watu wapigane. Akaokota vipande viwili vya fimbo, akavisukuma ndani ya jiko na kichwa chake cha fedha, akachana ukurasa wa kalenda, akawasha. Mwaloni mkavu wa miaka hamsini, ulishika mara moja. Akalishika godoro la Shtaywi kwa pembe, akalivuta na mtu wake juu yake mpaka karibu na jiko, huku akiwasukuma wazee kwa goti kama kondoo. Akamvutia blanketi mpaka shingoni, akamfuta mdomo kwa kiganja.

Fimbo moja inawaka kwa muda gani? Kila mtu mle ndani aliweza kukisia. Ngumi zikalegea zenyewe. Watu wakakaa, wengine juu ya wengine, wakiangalia kitundu cha jiko. Vikombe vilivyosalimika vilikuwa bado chini, vimejaa, kahawa imeganda utando.

Tarfa akavaa buti za mume wake. Akafunga mtandio kichwani, mara mbili, akakaza. Akachukua kamba ya kufungia mizigo iliyoning'inia nyuma ya mlango, akaipima urefu kwa mikono, akaizungusha begani.

"Mama Dhiyab," Haji Nwayran akasema. "Binti yangu. Fimbo imekwenda, si kitu. Lakini kaka yako ametuambia tunywe, na wewe ndiye mwenye haki. Tuambie neno moja tu. Tunywe au tusinywe?"

Alivuka rundo la viatu vya wageni mlangoni bila kuangalia chini. Theluji ilikuwa inaanguka tena. Alipita katikati ya magari yao, akashika njia ya kinuni, hakugeuka.