Tela Lililofungiwa Ndani

Mie ndiye niliyeandika. Naanza na hilo kwa sababu mtaani wameshamsingizia fundi wa kuchomelea, wakamsingizia mjomba wangu, na yupo mama mmoja aliyeapa kwamba aliwaona kwa macho yake vijana wa bodaboda wakiandika. Hakuona kitu, muongo tu. Niliandika mwenyewe, jua linawaka, nimetoka shule hata sare sijavua, kwa rangi nyekundu iliyobaki walipopaka geti la madrasa. Nyuma ya tela la mjomba, herufi kubwa kama za bango la mganga: NUNA TUPITE.

Na nilimlenga jirani. Hilo nimelikataa mbele ya watu wazima kibao, kwa hiyo hapa ndiyo mara yangu ya kwanza kulikubali.

Mtu asiyekaa Dar atauliza, maneno mawili tu, yana nini? Huyo hajayaona ya hapa. Kwetu kila chenye matairi kina maneno nyuma, kuanzia bajaji hadi mkokoteni wa madumu ya maji, na kila anayeyasoma anajua kuna mtu yamemhusu. Kazi inabaki kumtafuta huyo mtu. Sasa kama wewe ndiye mwenye kiwanja ambacho tela hilo linakatiza kila likitoka, hutafuti mbali.

Tunakaa Mbweni, ila usituonee wivu. Si ile Mbweni ya roshani zinazotazama bahari. Yetu ni ya ndani, ya mchanga unaomeza mguu na viwanja vilivyopimwa kwa macho. Nyumba yetu iko nyuma. Kati yetu na barabara kuna kiwanja cha jirani, na upande wa pili kuna ukuta wa watu wengine, wa zamani, hauongei. Kiwanja cha jirani kilikuwaga pori la mbigili, tukipita pembeni yake bila kumuuliza mtu. Mwenyewe akastaafu, akaja kujenga. Akajenga nyumba, akajenga banda la kuku, akajenga kibanda cha mlinzi ambaye hana. Kisha akashusha matofali ya ukuta.

Mama ndipo akaanza kumbembeleza. Mama anakaanga samaki na kuuza kituoni, na samaki wenyewe anawaleta mjomba, mdogo wake, ambaye tunakaa naye. Ndio ugali wetu huo na ndiyo ada yangu. Basi kila Ijumaa sahani iliyofunikwa kitambaa ilivuka kwenda kwa jirani: changu wa nazi, kolekole wa kukaanga, mara pweza. Mzee akala mpaka akalainika. Akakubali kuusogeza ukuta wake ndani, aache njia ya kupita gari. Alikubali kwa mdomo tu, amesimama mlangoni anachokonoa meno, na nyama iliyokuwa kwenye hayo meno ilikuwa ya kwetu.

Kwa upana wa njia hiyo ndiyo mjomba akatengeneza tela.

Mjomba aliwahi kuwa mlinzi kwa Mzungu mmoja upande wa baharini. Mzungu akahama, akamwachia kayaki, yaani mtumbwi wa plastiki wa mtu mmoja, wa njano, unaukalia kwa juu kama umepanda punda, kasia lake lina bapa huku na huku. Watoto wa mtaa waliuita ndizi. Ila mjomba akiingia nao majini na mishipi yake, alirudi na samaki mpaka wenye ngalawa wakawa hawamsalimii. Shida ilikuwa kuufikisha huko. Tuliubeba kichwani, yeye mbele mie nyuma, mtaa mzima umetoka kutazama kama tunahama na sofa. Shingo yake ikaja kugoma kabisa, akawa akitaka kuangalia pembeni anageuka mwili mzima.

Ndiyo likaja wazo la tela la kuvutwa na pikipiki yake. Ekseli na matairi tulivitoa kwenye mkokoteni uliokufa. Fundi akachomelea fremu, halafu tukaanza manjonjo yetu. Tulichonga mbao mbili zikae kama mikono ya kupakata tumbo la kayaki, tukazipigilia kandambili kuukuu ili plastiki isichubuke. Kandambili nilizikusanya mie jalalani, isipokuwa pea moja, ambayo ilitoka barazani kwa jirani. Vipande vya bomba la maji vikasimama nyuma kushikilia mishipi. Friji bovu likalazwa chali kwa mbele, likawa sanduku la barafu. Taa hatukuwa nazo, nikaning'iniza CD za harusi ya shangazi zimulikwe na magari. Ndoa yenyewe ilishavunjika, hakuna aliyekuwa anaziangalia.

Mjomba akalizunguka tela lake mara kadhaa, akapiga matairi teke kama dereva wa lori.

"Anko," akaniambia, "hapa imebaki rangi tu."

Bora asingesema.

Asubuhi yake alilivuta kwenda baharini. Mjomba ni mtu wa kutazama mbele, hasa na ile shingo, kwa hiyo nyuma hakuona kitu. Jirani alikuwa amesimama na mafundi wake akiwaelekeza msingi. Alimwangalia mjomba anapita, akaangalia ndizi, akaangalia CD. Halafu akasoma.

Mjomba aliporudi mchana alikuta kamba ya mafundi imehama, imesogezwa huku kwetu, imebakiza upenyo wa mtu mwenye ndoo. Bila kuuliza akainyanyua, akapitisha tela chini yake, akaliegesha uani. Hilo ndilo kosa la pili, na si langu.

Mama akarudi kutoka kituoni na beseni lake tupu.

"Jirani, mbona kamba imehama?"

"Muulize aliyeandika."

"Ameandika nini?"

"Nenda kasome. Si ulienda shule wewe?"

Mama akaja nyuma ya tela. Akasoma. Hakuniuliza kama ni mie, hata hiyo heshima ya kunishuku hakunipa. Alisema tu, "Lete sikio," akalishika, tukaenda nalo kwa jirani.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Hakuitikia. Sijui kama umewahi kunyimwa marahaba. Shikamoo ikishatoka huwezi kuirudisha, inabaki inaning'inia hapo katikati, na wewe umeinamisha kichwa kama mjinga.

"Shikamoo, mzee."

"Soma."

"Nisome nini?"

"Ulichoandika. Kwa sauti, mafundi wasikie."

Mafundi wakaweka makarai chini. Watu wale siku nzima hawachoki kusema wana haraka.

"Nuna tupite," nikasema kwa sauti ya mgonjwa.

"Sijasikia."

"NUNA TUPITE!"

Fundi mmoja akadondosha mwiko. Jirani akanisogelea, uso wake umekunjamana kama shati lililolaliwa, midomo imevutwa chini, akauliza: "Mimi nimenuna?"

Nilijitahidi. Nikabana pumzi, nikafikiria mtihani wa hesabu, nikafikiria kung'olewa jino. Kicheko kikapita puani. Na changu kikipita puani hakitoki peke yake.

"Umemuona?" jirani akamwambia mama, anajifuta shati. "Umeona ulivyolea?"

Mama alikwenda pale kuomba radhi. Nina hakika, alikuwa ameshaipanga kichwani. Lakini aliliachia sikio langu, akajifunga kanga upya kiunoni, na nikajua njia imekwenda na maji.

"Ulipokuwa unakula samaki wangu hukuniuliza nimelea vipi."

"Samaki wako kwanza chumvi nyingi."

"Chumvi nyingi? Mbona hata miiba hukubakiza, ulikuwa unarudisha sahani imekauka kama imeoshwa! Kuanzia leo nampa paka. Paka angalau anashukuru."

"Piga msingi hapo hapo kwenye kamba!" jirani akawafokea mafundi. "Hapo hapo! Akitaka kupita apite kama wenzake, kwa miguu!"

Mjumbe wa mtaa aliletwa. Akaangalia kamba, akaangalia upenyo, akakaribishwa chai upande wa pili, akatoka huko akisema tuzungumze kama majirani. Chai ya upande ule lazima ilikuwa na maandazi.

Ukuta ukapanda. Tela letu limebaki ndani, pana kuliko njia yake, na kayaki juu, na kuibeba kichwani shingo ya mjomba haitaki tena. Mjomba hakunipiga. Alinipa msasa nikwangue yale maneno mpaka bati ling'ae, halafu akaniambia kila nikitoka shule nikae ndani ya kayaki, hapo hapo juu ya tela, niutazame ukuta unavyopanda. Nisishuke mpaka aseme. Nikawa nakaa uani nimekamata kasia, mafundi wanachungulia.

"Piga kasia, dogo!"

"Nahodha, leo maji yakoje?"

"Makavu kama bongo zenu," niliwajibu, mmoja akanirushia konzi ya zege.

Mama akawa ananunua samaki kwa wenye ngalawa, na wale wenye ngalawa, mnawajua, walimchagulia wadogo wadogo huku wanamuuliza habari za ndizi. Chungu cha nyumbani kikawa na dagaa. Nilipewa dagaa wangu bila neno, sahani inawekwa chini kama ya mbwa. Mjomba akala anautazama ukuta. Nyumba nzima isipoongea nawe, na unajua sababu ni wewe, unaanza kusema na kuku.

Siku moja, mule kwenye kayaki, nilichoka kukaa kiungwana nikaanza kujiyumbisha, nawaonyesha mafundi mawimbi. Kayaki ikachomoka kwenye zile mbao, ikapinduka, nikamwagika mie na kasia. Nikajiandaa kupigwa. Nilipofumbua macho kayaki ilikuwa imesimama kwa ubavu, imebanwa kati ya friji na mabomba ya mishipi, nyembamba kama kitabu kwenye kabati. Mjomba alikuwa ameishikilia, mswaki mdomoni.

"Usiiguse," akasema. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu aniambie nikakae humo.

Tukalivunja tela. Ekseli ya mkokoteni ikatoka, tukafunga matairi mawili ya pikipiki yaliyokaribiana kama macho ya mbuzi. Mjomba akakata fremu kwa grenda, na akasimama makusudi upande ambao cheche zinarukia kwa jirani. Zile mbao tukazisimamisha wima, kandambili zake zikawa zinabana kayaki mbavuni, na kote tukaifunga kwa mipira ya tyubu. Friji halikupata nafasi, tukakata madumu vichwa na kuyapanga mstari mmoja chini kabisa, yawe sanduku la barafu na wakati huo huo uzito wa kulizuia lisianguke. Lilitoka kitu kirefu, chembamba, kinayumba. Lilifanana na mtu mlevi anayejaribu kupita mbele ya baba mkwe.

Siku ya kulijaribu jirani alitoa kiti nje. Kiti kabisa, na kikombe. Mafundi walikuwa wanapiga lipu, wakakaa juu ya ukuta wananing'iniza miguu.

"Halipiti hilo," akasema mmoja.

"Likikwama hakuna kubomoa," akasema jirani, "livutwe lirudi. Ukuta wangu usiguswe."

Mjomba alipanda pikipiki akaisukuma kwa miguu bila kuiwasha, mie nyuma nimelikumbatia tela lisilale. Tukaingia kwenye upenyo. Usukani wa pikipiki ukapita umenusa kuta zote mbili. Tairi la kushoto likapita. La kulia, nati yake ikaingia kwenye lipu mbichi na kuchora mstari kuanzia mwanzo wa ukuta.

"Lipu yangu! We kijana! Lipu yangu!"

"Shikamoo, mzee," akajibu mjomba, anasukuma. "Shikamoo. Shikamoo." Na nati nayo inachora.

Tukatoka. Tukatoka barabarani na ndizi yetu imesimama wima, madumu yanagongana, mishipi ipo, kasia lipo. Nikaruka, nikapiga vigelegele kama niko kwenye ngoma, mafundi wakapiga miiko yao kwenye makarai, na jirani akabeba kiti chake akaingia ndani, akarudi kufuata kikombe, akaingia tena. Mjomba akanipiga konzi ya kichwa, ya furaha, ingawa iliuma kama ile ya hasira.

Nikageuka nimuone mama.

Alikuwa bado amesimama upande wetu, kwenye mdomo wa ule upenyo, unga wa kukaangia umemganda mikononi. Hakupiga vigelegele. Aliingia kidogo, akatanua viwiko, kiwiko kimoja kikagusa ukuta wa watu na kingine kikagusa lipu ya jirani, akabaki hivyo anapima. Kisha akatutazama sie tuliokuwa barabarani, akasema:

"Haya, mtumbwi wenu umepita kwa ubavu, shangilieni. Na mie siku nikifa, mtanipitisha kwa ubavu?"