Jina Nililolitamka Hewani

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa msimamizi wa ofisi ya shirika moja la misaada mjini Kasulu. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga, na humo kilifungwa kisanduku cha kugawa intaneti, yaani ruta, kilichotegemea dishi la setilaiti. Mipangilio yake ilifunguliwa kwa kompyuta ya mle ndani: unaandika anwani yake ya tarakimu katika kivinjari, ukurasa unatokea, nao unadai neno la siri. Neno la kiwandani lilichapishwa katika kijitabu chake, mbele ya macho ya yeyote, hivyo nikalibadilisha. Nikachagua jina la mama mkwe wangu.

Nilijiona mwerevu. Kwetu Buha, nchi ya Waha, mwanamume hatamki jina la mama mkwe wake, hata akiitwa shahidi. Nani angedhani ningelitumia? Kuliandika, nilijiambia, si kulitamka.

Siku moja, nikiwa Kibondo kikazi pamoja na fundi wetu, katibu wangu aliniita kwa simu ya upepo, yaani redio ya mawasiliano. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi, na ruta ilikuwa imepoteza mipangilio ya setilaiti. Maombi ya dawa za kambi ya wakimbizi yalipaswa kutumwa kabla lori halijapakiwa Kigoma jioni ile. Kuyasoma kwa simu ya upepo nilikuwa nimekataza mwenyewe: jina la dawa lililosikika nusunusu si taarifa, ni uvumi.

"Mzee, ukurasa umefunguka, unataka neno la siri. Ova."

Nilimtajia herufi mojamoja, taratibu. Vituo vyetu vyote vilisikiliza masafa yale, kikiwemo cha Kakonko, ambako mwendeshaji mitambo alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu.

"Linakataa, Mzee. Tamka neno zima nihakikishe. Ova."

"Rudia herufi. Ova."

"Nimerudia. Ulitufundisha mwenyewe kwamba herufi za hewani hazitoshi. Ova."

Fundi alinitazama, kisha akaitazama saa ya ukutani. Nikalitamka.

 Mara Kakonko ikaingia: "Shemeji! Huyo uliyemtaja ni mama yangu, au nimesikia vibaya? Ova."

Maisha yangu yote niliwataka watu wathibitishe wanachosikia.

"Umesikia vizuri," nilisema.

"Umefunguka, Mzee!" alidakia katibu. "Tumpe na mama asante yake. Ova." Nilisikia vicheko kutoka vituo ambavyo havikuwa na shughuli yoyote nasi.

Fundi alimwelekeza katibu mipangilio, maombi yakatumwa, na dawa zikapakiwa. Jumamosi nilikwenda ukweni, Muyama, na kibuyu cha pombe ya ndizi kuomba radhi. Nilisimama uani, uso nimeuelekeza ukutani kama adabu inavyotaka, mama mkwe akiwa ndani, mlango wazi. Nilipiga makofi ya salamu. Naye alipiga yake, bila haraka.

"Mkwe wangu, hicho kisanduku bado kinaniitikia mimi?"

"Hapana, mama. Nimelibadilisha jina."

"Sasa kinaitwa nani?"

"Kinaitwa mimi, mama."

"Haya. Siku kikigoma tena, jina lako nalo walitangaze mpaka Kakonko."

Wajukuu zake waliangua kicheko jikoni. Nilibaki nikiutazama ule ukuta wa udongo, masikio yakiniwaka, kibuyu bado mkononi, kwa kuwa hakuna aliyetoka kukipokea.