Stempu ya Ndege Weupe Msibani

Nitawasimulia, ila msije mkanicheka mbele ya mke wangu, maana yeye alikuwepo na aibu ile mpaka leo hajanisamehe.

Mimi hukusanya stempu za zamani za Ireland, zile zenye hadithi za kale za kwao na nakshi za kamba zilizosukanasukana (ni ugonjwa, najua, mtu mzima wa Kitendaguro mwenye wajukuu). Aliyeniambukiza ni baba mdogo, kule Muleba, aliyekuwa akiandikiana na padri mmoja wa Ireland, na aliniambia kwa mdomo wake, "Deusi, nikifa stempu hizi ni zako." Tulikuwa wawili tu sebuleni.

Akafa. Siku ya maziko, tukisubiri mwili ufike kutoka Bukoba, nikaliona lile kopo la barua juu ya kabati, nikajisemea nichukue moja tu, ile ya watoto waliogeuzwa ndege weupe wenye shingo ndefu, kabla watu hawajazitupa hovyo. Nikafungua chupa ya chai, nikaishikilia bahasha juu ya mvuke, stempu ikabanduka vizuri kabisa, na hapo hapo nikasikia, "Deusi! Gari limefika, njoo tubebe!" Nikaifumbata kiganjani (mifuko ya suti ilikuwa bado imeshonwa, suti mpya), nikakimbia.

Tulipoliweka jeneza chini nikamwendea mama mdogo, nikampa mkono, nikalia, na nililia kweli. Nilipoutoa mkono wangu, ulikuwa mtupu.

Mama mdogo akatazama kiganja chake. "Huyu ndege wa mume wangu ametoka wapi?"

Mwanawe mkubwa akaingia ndani, akatoka na bahasha iliyolowa. "Ensoni!" bibi mmoja akasema, aibu gani hii, na mke wangu akasogea pembeni kana kwamba hatujuani. Ningeomba radhi pengine yangeisha, lakini mimi nikabwata, "Aliniahidi mwenyewe!"

"Basi muulize," akasema mama mdogo, akionyesha jeneza. "Huyo hapo."

Maziko niliyatazama kutoka migombani, peke yangu. Baadaye nikasikia mama mdogo barua zote amezichoma, pamoja na stempu zake, na kinachoniuma zaidi ni kwamba kweli aliniahidi. Nimeapa sitabandua tena stempu ambayo haikuja kwa jina langu. Na mimi hakuna anayeniandikia.