Tairi Alizochagua Ireri

Ukiuliza pale Kiritiri nani aliwanywesha watu maji kabla mabomba hayajafika, utatajiwa Ireri, na Ireri mwenyewe akiwa karibu atajitia hajasikia, ingawa sikio limemsimama wima. Alikuwa na baiskeli nzito nyeusi ya zamani, keria yake imechomelewa vyuma vya ujenzi, na juu ya keria alifunga mitungi ya maji mpaka ukiitazama kwa nyuma mwenye baiskeli humwoni. Aliisukuma kutoka mtoni jua likimchoma kisogo. Kwa kazi hiyo alioa, akajenga, akamsomesha Wamuyu, mtoto wake wa pekee.

Kuna jambo moja alijua analijua kuliko watu wote, na hakuona haya kulisema: tairi ni upepo. Tairi ya mbeba maji hujazwa mpaka ukiibonyeza kwa gumba lisizame hata kidogo. Ikiwa laini, mzigo huikandamiza, rimu hupinda, na mwiba wa mgunga huingia kama umekaribishwa. Vijana waliokuja na tairi legelege aliwacheka hadharani, kisha akiwakuta njiani wamekaa chini na pancha, alipita bila kuwasalimu. Alikuwa na maringo, tusimtetee.

Halafu mabomba yakaja, na kidogo kilichobaki kikachukuliwa na pikipiki. Mkewe Cicily naye akafa, kisukari. Ireri akabaki na mbuzi, na ndengu za msimu, na kiti mlangoni. Watu walimsalimia kwa heshima zote, ila hakuna aliyemuuliza kitu. Hilo ndilo lililomla, kuliko hata kulala nyumba tupu.

Na Wamuyu je? Wamuyu alikuwa huko Meru, chumba cha kupanga mtaa wa Majengo, akifanya kazi ya ukarani katika shule moja ya Kaaga. Alikuja nyumbani kila alipoweza, si mtoto mbaya. Lakini maongezi ya nyumba ile yote yalikuwa ya Cicily. Yeye ndiye aliyemwambia baba alichosema binti, na binti alichosema baba. Alipokufa waliulizana habari za mvua, umekula, nimekula, kisha kila mmoja akatazama upande wake wa ua. Walipendana, na hawakuwa na la kusema.

Ireri alijua, kwa kuambiwa na watu, kwamba bintiye hushindana kwa baiskeli, zile za kukimbizwa kwenye barabara za changarawe, na kwamba anatajwa. Hakuwahi kumuuliza. Angeanzia wapi?

Siku moja kabla ya mashindano yaliyokuwa yafanyike hapo hapo Kiritiri, Wamuyu aliingia uani na baiskeli yake nyepesi, na jozi mbili za tairi begani. Baada ya chai alieleza bila kuzungusha.

"Wawili wa kwanza kesho wanaingia timu, baba. Hiyo timu inaenda kukimbia nje. Mimi umri umesonga, mwaka ujao hawatanitazama. Ni kesho ama basi."

Ireri aliitikia kwa kichwa. Kimya kikaingia, kile kile cha siku zote. Wamuyu alijikuna mkono, akatazama mbuzi, akatazama mlango. Kisha akaziweka zile jozi mbili chini, miguuni pa baba yake. Moja ilikuwa pana, yenye meno mafupi mafupi kila upande. Nyingine nyembamba, karibu kipara.

"Wewe ungeweka gani?"

Tangu mabomba yaje hakuna aliyekuwa amemuuliza mzee swali la namna hiyo, na sasa aliyemuuliza ni mtoto wake. Alitoka kitini, akachuchumaa, akazikunja zile tairi moja moja, akazipigapiga kwa kucha.

"Hizi pana ni za trekta," alisema. "Zitalima mchanga na zikuchoshe. Weka hizi nyembamba, mama, na uzijaze kabisa." Alimwita mama kwa kuwa Wamuyu alipewa jina la nyanya yake aliyemzaa Ireri, kama ilivyo desturi ya huko.

"Kocha husema tupunguze upepo," Wamuyu alisema polepole. "Ati ikiwa ngumu sana inaruka kwa mawe."

"Huyo kocha ameshawahi kupita hapa na mzigo?"

"Hapana."

"Basi."

Wamuyu alimtazama. Mzee alikuwa ameshakunja mikono ya shati, anatafuta pampu, anauliza kitambaa kiko wapi, uso umemfunguka.

"Sawa, baba," alisema, akamshikia gurudumu.

Jioni hiyo waliongea kuliko walivyowahi kuongea tangu mazishi. Ireri alisimulia jinsi alivyopeleka maji kwenye arusi moja upande wa Gachoka, akamkuta bwana arusi amelewa chakari, ikabidi mtungi wa kwanza amwagiwe yeye. Wamuyu alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee alikula sahani mbili na akaenda kulala akijiona mtu tena.

Asubuhi, pale sokoni washindani walipokuwa wakijipanga, Wamuyu angeweza kutoa upepo kidogo. Ni kubonyeza tu kidude cha tairi, nani angejua? Lakini Ireri hakumwachia nafasi. Alimfuata hadi mstarini, akamwita Mbaka, mbeba maji mwenzake wa zamani, akamshika mkono na kumbonyezesha tairi kwa gumba mbele ya watu.

"Hizo ni mimi nimechagua," alisema.

Mbaka alisema ziko sawa kabisa. Naye angesema nini kingine, wazee wawili wa kazi moja?

Walipoondoka, Ireri alipanda pikipiki ya jirani akaenda kumsubiri bintiye kwenye mteremko wa korongo kavu, mahali barabara inapokata kona na kokoto zimelegea juu ya mwamba. Alipachagua kwa sababu alipajua. Alisimama hapo, akajipangusa jasho, akaitazama ile barabara, na ndipo alipokumbuka kwamba hakuwahi kuiteremka akiwa amepanda. Akienda mtoni na mitungi mitupu alishuka akatembea, kama wabeba maji wote, ili kuokoa breki. Akirudi alisukuma, na mzigo ndio ulioibana tairi chini. Miaka yote ile, hata siku moja hakuwahi kupita pale mbio, bila mzigo. Alianza kukimbia kupanda mteremko, akipunga kofia, bila kujua akimfikia atamwambia nini.

Wa kwanza alimpita na tairi zake pana, zinakanyaga kokoto kimya kimya. Wa pili alikuwa Wamuyu. Gurudumu la mbele liligonga jiwe likaruka, likagonga jingine likaruka, likipiga kelele kama bati linalotupwa. Alijaribu kulituliza. Kwenye kona ile tairi nyembamba haikupata pa kushika, ikateleza, na Wamuyu akaanguka ubavu, akaburuzwa hadi ukingoni. Wengine waliokuwa nyuma wakampita, mmoja mmoja.

Hospitalini Embu waliambiwa mfupa wa paja umevunjika na bega pia. Atatembea, daktari alisema, ila mashindano asahau. Ireri alisikia maneno hayo akaitikia "sawa" kana kwamba ameambiwa kituo cha gari kimehamishwa.

Siku ya pili alikuwa akirudi wodini na uji aliposikia sauti ya kocha, mama mmoja mpole aitwaye Lorna, aliyetoka Meru kuja kumjulia hali mgonjwa. Ireri alisimama mlangoni.

"Mimi sikulaumu," Lorna alikuwa akisema. "Nataka tu kuelewa. Si tulikubaliana zile pana? Si tulienda kuzijaribu huko chini kwenye kokoto, ukazipenda mwenyewe? Ni nani alikubadilishia?"

"Hakuna," Wamuyu alisema. "Nilijiamulia."

Ireri alijibanza ukutani mpaka Lorna alipotoka na kwenda zake. Uji ulikuwa umepoa. Aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akautazama mguu ule uliofungwa.

"Ulikuwa unajua ni tairi gani," alisema.

"Nilikuwa najua, baba."

"Sasa uliniuliza ya nini?"

Wamuyu aligeuza uso ukutani. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Nilikuwa nimekosa kitu cha kuongea na wewe," alisema.

Ireri alilia mbele ya binti yake kwa mara ya kwanza. Na kilio hicho nacho hawakujua wakifanyie nini, kila mmoja akabaki nacho upande wake wa kitanda.